Gurudumu la Kati

Fundi cherehani wa nyumba ya pili anaapa kwamba Jumatatu ile alimwona Nukta akirudi kazini amelewa. Anasema alikuwa kibarazani kwake anapinda suruali ya mteja, saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo na macho yake ni mazima. Kwanza alipita mume, Mlingoti, juu ya baiskeli ile mpya, mgongo umenyooka, hata salamu hakutoa. Fundi akabadilisha uzi, akamaliza mguu mmoja wa suruali, akaanza wa pili, ndipo mke naye akatokea. "Baiskeli inaruka kama mbuzi anayevutwa asikotaka," ndivyo anavyosimulia. "Dup, dup, dup. Mtu mzima anayumba huku, anayumba kule, macho mekundu. Nikamwita, shoga, kulikoni? Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Mwenye akili zake hafanyi vile. Na mumewe kampita mbali kwa aibu. Mimi sisemi kitu, mnaona wenyewe."

Nukta hajapata kuonja pombe maishani mwake, hata ya kusukutulia jino. Kilichoyumba ni gurudumu. Macho kuwa mekundu, hilo ni kweli. Vumbi la mlimani lilifanya kazi yake, na kisichokuwa vumbi kilikuwa machozi yake mwenyewe.

Nukta si jina la kwao. Alipewa na wafanyakazi wenzake wa idara ya maji siku ya kwanza, aliposimama na mumewe kwenye foleni ya viatu vya kazi. Mume alikuwa mrefu, akiingia mlangoni huinama kama anayeomba radhi. Mke kichwa chake kilimfikia mbavuni. "Oneni, Mlingoti na Nukta!" akasema mtu, na majina yakaganda hapo hapo.

Kazi yao ilikuwa kulinda bomba. Bomba kubwa hutoka kwenye chemchemi juu mlimani, hushuka kwa njia ya mawe na mizizi hadi kwenye tangi la mji. Njiani kuna chemba tisa, visanduku vya zege vilivyozikwa ardhini, kila kimoja na mfuniko wa chuma, na ndani yake kipimo cha kuonyesha nguvu ya maji. Kila asubuhi walinzi wawili hupanda kwa baiskeli, huinua mifuniko, husoma vipimo, huandika namba kitabuni, kisha hushuka. Mfuniko una masikio mawili, kila mtu na sikio lake. Kwa sababu hiyo idara haina mlinzi wa bomba aliye peke yake. Kila mlinzi ana mwenzake, na wawili hao huitwa jozi.

Kwa miaka kumi na moja Mlingoti na Nukta walipanda baiskeli mbili za gurudumu la inchi ishirini na sita, zilizofanana hata kutu. Njia ilikuwa nyembamba lakini walijibana wakaenda sambamba, na maneno yao yote yakasemwa huko. Nyumbani hawakuwa wasemaji. Jina la binti yao, ambaye sasa anasoma bweni, walilichagua kati ya chemba ya nne na ya tano. Shauri la kuhama nyumba ya kwanza walilikata wakisukuma baiskeli kwenye mteremko wa mizizi. Hata ugomvi wao ulikuwa na mahali pake, chemba ya saba, na ukifika chemba ya nane ulikuwa umekwisha, kwa kuwa mfuniko wa chemba ya nane ni mzito na watu walionuniana hawawezi kuuinua.

Walikuwa na mfuko mmoja wa vifaa: pampu moja, spana moja, tyubu mbili. Na sheria ya mfuko waliijua wote. Mfuko hubebwa na anayekuja nyuma. Wa mbele akipata pancha, wa nyuma atamfikia tu. Lakini mfuko ukiwa mbele na pancha ikatokea nyuma, wa nyuma atapiga kelele hadi sauti ikauke. Zamani sheria hiyo haikuwa na maana kubwa, maana hakukuwa na mbele wala nyuma.

*

Mwezi uliopita idara ilileta baiskeli moja ya majaribio, ya magurudumu ya ishirini na tisa. Msimamizi akasema za ishirini na sita haziletwi tena. Kila jozi ichague, ama ishirini na tisa, ama zile za kati, ishirini na saba na nusu, ambazo wote waliziita saba na nusu. Jozi moja, saizi moja, kwa sababu stoo haiwezi kujaza tyubu za kila namna. Fomu ni moja, sahihi ni mbili, na irudi kabla ya stoo kufungwa Ijumaa ya wiki ya nne. Jozi isiyoafikiana itavunjwa.

"Na atakayebaki bila mwenzake?" aliuliza mtu.

"Kuna geti la tangi," akasema msimamizi. "Linahitaji wa kulifungua."

Geti la tangi lilikuwa na kibanda, kiti, na lori moja kwa siku.

Mlingoti akapewa baiskeli ya majaribio kwa sababu ndiye mrefu kuliko wote. Alipoikalia, magoti yake yaliyokuwa yakigonga usukani kwa miaka kumi na moja yakapata nafasi. Akazunguka uwanja mara moja, akacheka. Kicheko chenyewe kilimshtua Nukta. Alikuwa amesahau kwamba mumewe ana pengo upande wa kushoto.

Tangu siku hiyo Nukta alianza kukijua kisogo cha mumewe. Wakipanda, gurudumu kubwa lilimeza mawe kama ugali laini, na dogo lake likagonga kila jiwe likiomba njia. Mlingoti hufika kwenye chemba, hulaza baiskeli nyasini, hukaa, hunywa maji, hupumua. Nukta akifika anahema, yeye amekwisha kupumzika. "Haya, tuinue," husema. Wanainua, wanasoma, wanafunika, na huyo ameondoka. Hivyo aliyechoka kidogo ndiye aliyepumzika mara tisa kwa siku, na aliyechoka sana hakupumzika hata mara moja.

Wakati wa kushuka hakukuwa na mifuniko ya kumsimamisha. Mlingoti alishuka hadi nyumbani, akaoga, akala. Nukta aliporudi alikuta sahani moja imefunikwa, na mtu amelala ubavu, uso ukutani.

Jumatatu ile, chini kidogo ya chemba ya sita, tairi lake la nyuma lilipata pancha. Hakuwa na wasiwasi, mfuko ulikuwa mgongoni kwake. Aliketi, akatoa gurudumu, akafungua mfuko. Tyubu mbili, zote mpya. Akaikunjua moja, akaipima kwenye rimu, ikalegea pembeni kama mkanda wa mtu aliyekonda. Ishirini na tisa. Akaitoa ya pili. Ishirini na tisa.

Wiki tatu alikuwa amebeba mgongoni tyubu za mumewe peke yake, akizipandisha na kuzishusha mlima, na kwa ajili yake mwenyewe hakubeba hata moja.

Mwishowe aliikunja tyubu kubwa mahali pamoja, akaisokomeza ndani ya tairi dogo, akajaza upepo. Pale palipokunjwa pakavimba kama jipu. Kila gurudumu likizunguka mara moja, dup. Ndivyo alivyoshuka hadi nyumbani, na ndivyo fundi cherehani alivyomwona.

*

Jumanne asubuhi alikwenda dirishani pa stoo. Mtunza stoo alikuwa mama mnene mwenye funguo shingoni, aliyeitwa Bi Stoo hata na msimamizi. Nyuma ya Nukta walikuwa wamesimama jozi tatu, wakisubiri mafuta ya mnyororo.

"Naomba tyubu moja ya ishirini na sita, dada."

Bi Stoo akavuta kadi, akaisogeza mbali na macho. "Kadi yenu inasema ishirini na tisa."

"Tisa ni ya mwenzangu. Mimi bado natumia ile ya zamani."

"Kadi ni moja, mama. Mlingoti alikuja mwenyewe, nikamwuliza niandike ngapi, akasema tisa. Nikamwuliza na Nukta je? Akasema andika tu."

"Alisema andika tu?"

"Nikuongopee nina faida gani?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mwingine akasema, "Mpe basi za mtoto, dirishani kwako hakuna ngazi?" Wakacheka, na Nukta naye akacheka, maana ukikosa kucheka hapo ndipo watu huanza kukuhurumia, na huruma ya foleni ni mbaya kuliko kicheko chake.

Bi Stoo hakucheka. Alimpa viraka vitano na gundi, vitu visivyoandikwa kwenye kadi, akainama dirishani akateremsha sauti, ingawa sauti yake hata ikiteremshwa haifiki chini. "Na jambo jingine, mdogo wangu. Mumeo aliniuliza kama mtu anaweza kubadilisha mwenzake. Nikamwambia hayo ni ya msimamizi. Sijui kama alikwenda. Mimi nakwambia ili usije ukayasikia barabarani."

Foleni nzima iliyasikia. Hakuna aliyekohoa tena.

*

Jioni hiyo, Mlingoti alipoingia kuoga, Nukta aliitoa ile baiskeli kubwa uani. Aliisimamisha kando ya kizingiti, akapanda kizingiti, akarusha mguu. Vidole vya miguu vilizigusa pedali kwa shida. Akajisukuma.

Hakutegemea ilivyokuwa. Uchochoro wao ulikuwa na mashimo aliyoyajua moja moja kwa maumivu, na yote yalipita chini yake kama hayapo. Aliona juu ya ukuta wa jirani: ndoo, kamba ya nguo, paka amelala. Hewa ikamwingia kifuani bila kuombwa. Kumbe ndivyo mlima ulivyokuwa kwa mwenzake sasa! Watu mtaani walikuwa wamekwisha kumtafutia Mlingoti mwanamke wa pembeni, na Nukta mwenyewe usiku mmoja alimtafutia. Hapo juu ya kiti alijua hakuna mwanamke. Kuna gurudumu tu linalokwenda, na mtu ambaye miaka kumi na moja alikunja magoti asiseme.

Angekuwepo mwanamke, ingekuwa rahisi zaidi. Mwanamke unaweza kumchukia.

Kisha akataka kusimama. Miguu haikufika chini. Akashika breki, baiskeli ikatulia, yeye hakutulia. Akauegemea ukuta wa fundi cherehani kwa bega, akateleza nao mpaka chini, ngozi ya kiwiko ikabaki ukutani.

"Leo tena?" akasema fundi kutoka kibarazani, sindano mdomoni. "Shoga, acha hicho kinywaji."

"Nitaacha," akajibu Nukta, akainua baiskeli kwanza, halafu yeye.

Mezani aliiweka fomu katikati, kati ya sahani mbili. Siku hiyo alikuwa amemwomba amngoje wale pamoja, na Mlingoti alingoja. Alikula akiangalia fomu kama mtu anayeangalia mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Nimeijaribu yako," akasema Nukta.

"Nimeona kiwiko."

"Ni nzuri."

"Inakwenda yenyewe ile," akasema Mlingoti, na uso ukamchangamka. "Nikiizuia mikono inaniuma. Si kwamba nakukimbia, Nukta. Inakwenda."

"Najua. Mimi nikisimama nayo kwenye mteremko wa mizizi nitakufa. Lakini kuna hii ya kati. Wewe magoti yatapata nafasi, si yote, lakini yatapata. Mimi nitafika chini kwa ncha ya kiatu. Kila mtu apungukiwe kidogo."

Mlingoti akasogeza mchuzi kwa kijiko, akaurudisha ulikotoka.

"Bi Stoo aliniambia neno," akasema mke.

"Bi Stoo ana maneno mengi."

"Hili ni moja."

Kama wangekuwa mlimani, lingekuja jiwe, ungekuja mzizi, mmoja angesema angalia hapo, na maneno yangefuatana. Mezani hapakuwa na jiwe.

"Tia sahihi, mwenzangu."

"Tutaona," akasema Mlingoti, akanawa mikono. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayefunga dirisha kwa kuwa anahisi baridi.

*

Jumatano Nukta alipanda na tyubu yake ya zamani, imejaa viraka. Chemba ya kwanza waliinua pamoja, na ya pili. Alipofika ya tatu hakukuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimelala palipolazwa baiskeli. Mfuniko ulikuwa umefunikwa, na juu yake, kwa chaki nyeupe, ilikuwa imeandikwa namba: arobaini na moja.

Alisimama akahema, asijue aifanyie nini pumzi yake. Kitabu kilikuwa mgongoni kwake, kwa sababu mwandiko wake ndio mzuri. Akakitoa, akaandika arobaini na moja. Chemba ya nne, namba ya chaki. Ya tano, ya sita, hata ya nane ile nzito, namba ya chaki. Pembeni mwa mfuniko kulikuwa na mkwaruzo mpya wa chuma.

Alimkuta kwenye chemchemi, chemba ya tisa, amekaa, mtaimbo umefungwa kwenye fremu ya baiskeli kwa mpira.

"Nimeuazima kwa mafundi wa bomba," akasema Mlingoti kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. "Unaingiza kwenye sikio, unakandamiza, unainuka wenyewe. Nimekupunguzia kazi. Huna haja tena ya kufika unahema halafu uinue vyuma."

Nukta alitafuta ubaya usoni mwake asiuone, na hapo moyo ukazidi kushuka.

"Ahsante," akasema.

Alhamisi ikawa vilevile. Chemba ya tatu, arobaini na mbili. Alinakili namba, akafunga kitabu. Kipande cha chaki kilikuwa kimesahauliwa ukingoni. Akakiokota, akapiga magoti, akaandika chini ya namba, kwa ule mwandiko wake uliosifiwa tangu darasa la nne:

Mwenzangu, tuchukue ya kati. Kesho nisubiri hapa.

Akausoma. Alitaka kufuta neno "mwenzangu", akaona bila hilo hakuna kinachobaki. Akakiacha kipande cha chaki pale pale. Wakati wa kushuka Mlingoti alikuwa mbele kama kawaida, na kwa kasi ile mtu haangalii mifuniko. Jioni walikula kila mtu kwa wakati wake, na Nukta hakugusia fomu. Alikuwa ameomba kwa mdomo, Mlingoti akasema tutaona. Safari hii alitaka mumewe aombwe mahali ambapo hakuna wa kumtazama usoni.

*

Ijumaa asubuhi alimwona akijaza upepo uani, akibonyeza tairi kwa kidole gumba, akijaza tena. "Twende," akasema Mlingoti. Wakaenda. Hadi chemba ya pili Nukta alikiona kisogo chake kikipanda na kushuka nyuma ya vichaka, kisha hakukiona.

Fomu ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne, na kalamu imechomekwa ndani yake. Sahihi yake ilikuwepo. Kisanduku cha saizi kilikuwa kitupu. Hakutaka kuandika saba na nusu kabla mwenzake hajakubali, maana yeye aliandikiwa tisa bila kuulizwa, na alijua inavyouma.

Sehemu ya mwisho kabla ya chemba ya tatu ina kona, na mtu aliye nyuma ya kona haonekani. Nukta alishuka hapo, akaisukuma baiskeli akitembea. Alitaka akifika awe na pumzi ya kusema.

Hakukuwa na mtu.

Mfuniko ulikuwa mahali pake. Namba ya jana ilikuwa imefutwa kwa kiganja, na mahali pake imeandikwa nyingine, thelathini na tisa. Maneno yake yalikuwepo yote. Kiganja kilichofuta namba kilipita juu kidogo ya herufi zake, kwa uangalifu, hata mkia wa herufi moja hakikuugusa. Chini ya maneno palikuwa na nafasi ya kutosha mstari mwingine. Palikuwa patupu. Kipande cha chaki kilikuwa kimewekwa pale, si pale alipokiacha yeye. Kimelazwa sawasawa chini ya neno la mwisho.

Upande wa pili nyasi zilikuwa zimelala, si kwa baiskeli peke yake. Mtu alikuwa ameketi. Nukta aliinama akaona visigino vilivyochimba udongo, vikachimba tena, kama vya mtu aliyekaa muda asiojua afanye nini nao. Baadhi ya majani yalikuwa bado yanainuka, moja moja.

"Mwenzangu!" akaita kuelekea juu.

Bomba chini ya ardhi lilivuma. Juu, mbali sana, alisikia chuma kikigonga chuma. Ni mtaimbo, kwenye sikio la mfuniko wa chemba ya nne.

Akafungua kitabu, akaandika thelathini na tisa. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na moja. Hakupanda baiskeli. Aliilaza nyasini, akaketi juu ya mfuniko, kando ya maneno yake, pale ambapo mwenzake lazima apite akishuka, akauvua mfuko na kuupakata mapajani. Ndani kulikuwa na pampu, spana na tyubu mbili za ishirini na tisa. Akaikunjua fomu, akailaza juu ya mfuko, akaikalisha kalamu kwenye mstari wa sahihi ya pili, na kuishikilia fomu kwa kidole isije ikapeperushwa.